Jinsi ya Kukarabati Uzio wa Kuhesabia Samoni Kwenye Kijito cha Mjini

Mtu aliyekulia pwani, akiuona kwa mara ya kwanza uzio wa kuhesabia samoni, hudhani ameona wando. Fito zimesimama majini, zimekingama kijito kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mahali fulani pana mlango mwembamba unaomwingiza samaki kwenye sanduku asiloweza kutoka kwa urahisi. Tofauti iko mwishoni: samaki wa wando huishia jikoni, ilhali samaki wa uzio huu huhesabiwa, hupimwa, kisha huachiwa upande wa juu aendelee na safari yake ya kwenda kutaga mayai.

Mwongozo huu ni wa watu wa kujitolea, hasa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi kusini mwa jimbo la British Columbia, Kanada, ambao wamekabidhiwa uzio wa zamani uliochakaa na kuombwa wauinue tena kabla ya mvua za vuli. Mfano ninaourejea ni wa Mto Colquitz katika manispaa ya Saanich, jirani na mji wa Victoria. Mto huo, ambao kwa ukubwa wake wengi wetu tungeuita kijito, hutoka kwenye ziwa la Elk na Beaver, hukatiza mashamba, mitaa ya nyumba na barabara kuu, kisha huingia kwenye ghuba ndogo ya Portage Inlet. Ndani ya bustani ya Cuthbert Holmes, hatua chache kutoka kwenye jengo la maduka, watu wa kujitolea huhesabu samoni wanaopanda kila vuli.

Kabla ya mtu yeyote kushika nyundo, kikundi kizima kikubaliane na jambo moja. Uzio wenye tundu ni mbaya kuliko kukosa uzio kabisa. Pasipo na uzio, kila mtu anajua kwamba idadi ya samaki haijulikani. Penye uzio wenye tundu, mtu huandika kwenye daftari kwamba wamepita samaki 40, na namba hiyo huaminiwa kwa miaka mingi na watu ambao hawakuwahi kuliona tundu lenyewe. Kila hatua inayofuata inalenga kulinda ukweli wa namba hiyo, na kuhakikisha kwamba samaki hawaumizwi kwa ajili ya kuipata.

Anza na kalenda ya samaki

Katika vijito vya mjini vya pwani hii, samaki anayehesabiwa zaidi ni koho, mmoja wa aina za samoni, na katika baadhi ya vijito huja pia chamu, aina nyingine ya samoni. Koho hutaga mayai katika changarawe mwishoni mwa vuli na mwanzoni mwa majira ya baridi. Vifaranga huibuka kwenye changarawe majira ya kuchipua, hukaa kijitoni kwa takriban mwaka mmoja, kisha hushuka baharini kati ya Aprili na Juni wakiwa na urefu wa kiganja. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi baharini hurudi, wengi wao wakiwa na umri wa miaka mitatu, wakataga na kufa. Baadhi ya madume hurudi mapema, baada ya miezi michache tu ya bahari, wakiwa wadogo kuliko wenzao. Hawa tunawaita madume wadogo, na uzio wako ni lazima uweze kuwazuia nao. Chamu ni tofauti, kwa kuwa vifaranga wake hushuka baharini muda mfupi baada ya kuibuka na hawakai kijitoni mwaka mzima.

Kalenda hiyo inaamua mambo mawili. Kwanza, kazi ya ujenzi ndani ya maji inawezekana katika kipindi kifupi tu cha kiangazi, maji yanapokuwa machache, mayai yakiwa yamekwisha kuanguliwa na wazazi wakiwa bado hawajafika. Tarehe kamili za kipindi hicho hutofautiana kati ya kijito na kijito, na zitaandikwa kwenye kibali chako. Kwa kawaida huangukia kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba. Pili, koho wanaorudi vuli hii ni watoto wa wale waliotaga miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo ukitaka kujua kama hali inaboreka, usikimbilie kuwalinganisha na wa mwaka jana. Hiyo ndiyo sababu daftari la zamani lina thamani kuliko mbao za zamani, na litafutwe kabla ya mbao kutupwa.

Vibali, na wenye mto

Maombi ya vibali yaanze majira ya baridi ili majibu yapatikane kabla ya kiangazi. Idara ya Uvuvi na Bahari ya serikali ya Kanada ndiyo inayosimamia sheria ya uvuvi, ambayo inakataza kuua samaki kwa kazi za ujenzi na kuharibu makazi yao pasipo idhini. Idara hiyo hiyo ndiyo hutoa leseni ya kukamata na kushika samaki kwa ajili ya utafiti. Serikali ya jimbo nayo ina sheria yake ya maji ya mwaka 2014, inayohusu mabadiliko yoyote yanayofanywa ndani ya mto au pembezoni mwake. Manispaa itahitaji kujua nani anaingia katika bustani yake, kwa gari gani na kwa bima ipi. Mshauri wa jamii kutoka idara ya uvuvi ni mtu muhimu sana katika hatua hii, kwa sababu anajua fomu ipi inahitajika na ipi haihitajiki, jambo linaloweza kukuokolea miezi miwili.

Wapo pia wenye nchi, yaani wenyeji wa asili. Eneo la Victoria na Saanich ni ardhi ya watu wa Lekwungen, ambao leo ni jamii za Songhees na Esquimalt, na ya watu wa W̱SÁNEĆ. Usiwaandikie barua ya kuwaarifu tu baada ya mpango kukamilika. Nyuzio za samaki ni ufundi wao wa karne nyingi, na katika sehemu nyingi za jimbo hili serikali iliwakataza kuzitumia, kisha baadaye ikajenga za kwake. Kwenye Mto Babine, kaskazini mwa jimbo, watu wa Ziwa Babine walilazimika kuziondoa nyuzio zao kwa makubaliano ya mwaka 1906. Tangu mwaka 1946 serikali imekuwa na uzio wake wa kuhesabia samoni kwenye mto huo huo. Mwaka 2013 watu wa Heiltsuk walisimamisha uzio kwenye Mto Koeye wakitumia ujuzi wao pamoja na sayansi ya sasa, na kazi hiyo imewafunza wengi. Anayejua historia hii huingia kwenye mazungumzo kwa adabu nyingine.

Kuna sababu ya kisheria pia. Kingo za vijito vya eneo hili mara nyingi hufunika malundo ya kale ya makombe ya chaza na kome, na sheria ya urithi ya jimbo hulinda maeneo ya kale yaliyotangulia mwaka 1846. Usichimbe shimo hata moja la nguzo ukingoni kabla ya kuthibitisha kwamba mahali hapo ni salama kuchimbwa.

Kagua uzio kwa mikono, usiukague kwa macho tu

Ukaguzi ufanyike siku ya maji machache kabisa. Nendeni watatu: mmoja majini, mmoja ukingoni akiandika, na wa tatu akipiga picha na kumwangalia aliye majini. Chora ramani ya uzio kama unavyoonekana kutoka juu, kisha ipe kila paneli, yaani kila kipande cha uzio chenye fito zake, namba kuanzia ukingo wa kushoto, ukiwa umeelekea maji yanakokwenda. Namba hizo zichongwe au zipigwe muhuri kwenye paneli zenyewe, kwa sababu rangi hufutika msimu wa kwanza tu.

Macho yatakuonyesha fito zilizovunjika, bolti zilizoliwa na kutu na mbao zilizooza. Kasoro kubwa, hata hivyo, huwa chini, mahali ambapo paneli hukalia kizingiti kilicholazwa sakafuni mwa kijito, na hapo huonekana kwa vidole. Maji yanayozuiwa hutafuta njia ya chini, huondoa changarawe kidogo kidogo, na baada ya misimu miwili kizingiti huwa kinaning'inia juu ya handaki. Niliwahi kuwa kwenye kikundi kilichohesabu samaki wachache mno kwa wiki tatu, ilhali watu waliokuwa wakitembeza mbwa upande wa juu walituambia kila siku kwamba wameona koho wanataga. Tuliwajibu kwa upole kwamba pengine waliona trauti, samaki wa ukoo wa samoni. Mtu alipojilaza kwenye maji baridi na kupitisha mkono chini ya kizingiti kwa urefu wake wote, akakuta tundu la upana wa ndoo. Tangu siku hiyo sikubali taarifa ya ukaguzi isiyosema ni nani aliyepitisha mkono.

Sehemu nyingine inayosahauliwa ni mahali uzio unapogusana na ukingo. Mizizi hufa, udongo hubomoka, na mafuriko huchimba mlango wa pembeni. Pima umbali kati ya paneli ya mwisho na udongo mgumu, si nyasi, kisha uandike.

Pima pia nafasi kati ya fito, kila paneli, juu na chini. Nyuzio nyingi za kuhesabia koho huwa na nafasi ya takriban sentimita 2.5 hadi 4, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye leseni. Ikiwa nafasi ni kubwa kupita kiasi, madume wadogo watapenya bila kuhesabiwa; ikiwa ni ndogo mno, majani yataziba uzio kwa saa chache na samaki wadogo wakaao kijitoni watashindwa kupita. Chonga kipande cha mti mgumu chenye unene wa kipimo kinachotakiwa na kukifunga kamba, kiwe ndicho rula ya kikundi chote. Kipande hicho kisipopita ni kasoro, na kikipita huku kikicheza ni kasoro pia.

Amua nini kibaki na nini kibadilishwe

Kishawishi cha watu wa kujitolea, hasa wakipata msaada wa fedha, ni kujenga kitu kipya na kizuri zaidi. Ushauri wangu ni kujizuia. Ukihamisha uzio mita 50, ukabadilisha nafasi za fito au ukageuza umbo la mlango, umeanzisha mfululizo mpya wa namba usiolingana moja kwa moja na ule wa zamani. Kama mabadiliko ni ya lazima, yafanywe, lakini yaandikwe kwa maneno na kwa picha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la msimu, ili mtu atakayelisoma baada ya miaka kumi aelewe kwa nini madume wadogo waliongezeka ghafla.

Kuhusu vifaa, fito za alumini ni nyepesi na hazishiki kutu, na mtu mmoja anaweza kuinua paneli wakati wa mafuriko, jambo ambalo halisemeki kuhusu paneli za mbao zilizolowa. Pale ambapo mbao zinahitajika, mwerezi mwekundu wa pwani hii hustahimili maji bila kutiwa dawa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, nguzo za zamani za simu na mataruma ya reli yasiwekwe majini kamwe, hata yakitolewa bure. Bolti, nati na washa ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki, na ziwe za saizi moja kwa uzio mzima, kwa maana hakuna atakayekumbuka ni spana ipi inahitajika saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha.

Siku za kazi majini

Kabla ya kugusa kizingiti, eneo la kazi litengwe na mkondo kwa viroba vya mchanga na turubai, na maji yaelekezwe upande mmoja. Samaki walionaswa ndani ya eneo hilo, ambao kiangazi huwa ni vifaranga wa koho na trauti, waondolewe na mtu mwenye leseni na ujuzi kabla pampu haijawashwa, na mdomo wa pampu ufungwe wavu wa matundu madogo. (Trauti ni wale wale ndugu wa samoni ambao wakazi wa Nyeri wanawajua kutoka mito ya Mlima Kenya na Aberdare, walikopelekwa na wakoloni; huku ndiko nyumbani kwa baadhi ya jamii zao.)

Maji yanayotolewa ndani ya eneo la kazi yatakuwa na tope. Yasirudishwe mtoni moja kwa moja. Yamwagwe kwenye majani mbali na ukingo ili yachujike. Tope laini hujaza nafasi kati ya changarawe, na mayai yatakayotagwa hapo vuli yatakosa hewa.

Jambo la kuogopwa zaidi ni zege. Zege mbichi, na hata maji yaliyooshea karai la zege, hupandisha alkali ya maji kiasi cha kuua samaki kwa umbali mrefu chini ya mkondo. Ikiwa kizingiti hakiwezi kutengenezwa kwa mawe, mbao au chuma, basi zege imwagwe mahali pakavu kabisa, iachwe ikauke kwa muda uliotajwa kwenye kibali, na maji yapimwe kabla mkondo haujarudishwa. Mara nyingi vipande vya zege vilivyofinyangwa na kukauka karakana kwa wiki kadhaa, kisha vikaletwa na kupangwa, huondoa tatizo lote.

Mashine zijazwe mafuta mbali na mto, juu ya sinia. Mwaka 2011 mafuta ya kupashia nyumba joto yalivuja hadi kwenye Mto Colquitz na kuua koho waliokuwa wakipanda, kwa hiyo wakazi wa huko hawahitaji kuelezwa kwa nini keekee ya betri ni bora kuliko ya petroli.

Kuhusu usalama wa watu, sheria ni fupi. Hakuna anayeingia majini peke yake. Anayevaa mabuti marefu ya mpira yanayofika kifuani avae na mkanda kiunoni, ili akianguka maji yasiyajaze haraka. Maji yakipita magoti na mkondo ukiwa na nguvu, kazi inasimama.

Kuusimamisha

Ukitazamwa kutoka juu, uzio uliokaa vizuri una umbo la herufi V ambayo ncha yake inaelekea maji yanakotoka. Samoni hupanda akiukabili mkondo. Akikuta ukuta wa mshazari huutembelea akitafuta pa kupita, na mshazari humleta kwenye ncha. Hapo ndipo sanduku huwekwa, upande wa juu wa uzio, mlango wake ukiangalia upande wa chini ambako samaki anatokea. Mlango uwe na umbo la faneli kama koo la dema, mpana nje na mwembamba ndani, na maji yapite kwa nguvu kidogo ndani ya sanduku kuliko sehemu nyingine, kwa sababu samaki hataingia kwenye maji yaliyolala.

Paneli zisisimame wima. Sehemu ya chini iwe upande wa juu wa mkondo, na kichwa cha paneli kilalie upande wa chini, kikiegemea nguzo. Kwa mlalo huo nguvu ya maji huikandamiza paneli kwenye kizingiti, na majani hupanda juu badala ya kurundikana miguuni. Tumia pimamaji kwenye kizingiti. Tofauti ya sentimita mbili kati ya ncha moja na nyingine hukusanya maji upande mmoja, na upande huo ndio utakaochimbwa. Mbele na nyuma ya kizingiti tandika mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa, yakiwa yamebanana, ili kuzuia mmomonyoko. Pembeni, paneli ya mwisho iingie ndani ya ukingo na kuzibwa kwa mawe na viroba, si kwa magunia ya plastiki yanayochanika na kwenda baharini.

Sanduku lenyewe liwe na kuta laini ndani, bila vichwa vya misumari wala ncha za waya, na liwe na kifuniko chenye kufuli. Kifuniko kinamzuia samaki asiruke nje, na kufuli linawazuia watu. Ni mjini, asiyejua sheria atadhani ni kitoweo cha bure, na rakuni, mnyama wa usiku apendaye samaki, hahitaji hata kudhani.

Kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha, pitisha kile kipande cha mti katika kila nafasi, kisha mtu apitishe mkono chini ya kizingiti kutoka ukingo hadi ukingo, na jina lake liandikwe. Nenda tena usiku na tochi yenye nguvu: mtu mmoja amulike kutoka upande wa juu akiwa majini, na mwingine atazame kutoka chini. Tundu lililofichwa na kivuli mchana huonekana usiku kama dirisha.

Msimu wa kuhesabu

Vuli ya huku ni vuli kwa maana zote mbili: majani hupukutika na mvua huanza. Mvua ya kwanza kubwa ya Oktoba ndiyo huwaita koho kutoka ghubani, na mvua hiyo hiyo ndiyo huleta majani yote ya mtaa kwenye uzio wako. Paneli ziwekwe kabla ya mvua hiyo. Kama uzio uko karibu na mahali bahari inapofika, tazama pia jedwali la kupwa na kujaa, kwa kuwa maji ya bamvua yakikutana na mto uliojaa yanaweza kupita juu ya paneli.

Sanduku litazamwe angalau mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na mara nyingi zaidi siku za mvua. Samaki asikae ndani usiku na mchana akisubiri mtu aliyelala. Ratiba ya zamu iwe na watu wawili kwa kila zamu na mmoja wa akiba. Usafishaji wa majani ufanywe kwa reki kuanzia juu kwenda chini, na upande wa mlango ndio utangulie.

Anayeshika samaki aloweshe mikono kwanza, atumie wavu wa mkono usio na mafundo, na amweke samaki ndani ya maji muda wote. Tambua aina na jinsia, pima urefu kuanzia ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia, angalia kama pezi dogo la mafuta, lililo kati ya pezi la mgongoni na mkia, lipo au limekatwa, kwa maana lililokatwa huonyesha samaki wa kituo cha kutotolea, na uandike majeraha. Kazi yote hiyo isizidi dakika moja. Kisha mshike akiwa ameelekea mkondo hadi atakapoondoka mwenyewe. Usimrushe, na usimwinue kwa mkia wala kwa matamvua ili picha ipendeze. Siku ambayo maji yamepata joto lisilo la kawaida, hesabu samaki bila kuwagusa.

Daftari liwe la karatasi isiyolowa, na maandishi yawe ya penseli. Kila zamu iandike saa, kina cha maji kwenye kipimo, joto la maji, hali ya hewa na idadi. Kama hakuna samaki, andika sifuri. Nafasi tupu haina maana ya sifuri; ina maana kwamba hakuna aliyetazama, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Mafuriko yatakuja. Maji yakifika alama mliyokubaliana mapema, ondoeni paneli mlizopanga kuondoa na kuwaacha samaki wapite. Ni bora kupoteza hesabu ya usiku mmoja kuliko kupoteza uzio mzima, au mtu. Lililo muhimu ni kuandika saa paneli zilipotolewa na saa zilipokwisha kurudishwa, ili anayechambua namba ajue kwamba hapo pana pengo, na ajue ukubwa wake.

Samaki waliokufa

Katika kijito cha mjini, kuhesabu walio hai ni nusu ya kazi. Kwa miaka mingi, kwenye vijito vya Seattle kama Longfellow, koho wazima wenye afya walionekana wakiyumba na kufa saa chache baada ya mvua, matumbo yakiwa bado yamejaa mayai. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington walitangaza kwamba wamekipata chanzo: kemikali iitwayo 6PPD-kwinoni, inayotokana na dawa ya kulinda mpira wa matairi ya magari baada ya kukutana na ozoni hewani. Mvua huisomba kutoka barabarani hadi mtoni, na kiasi kidogo mno kinatosha kumwua koho. Chamu, kwa namna ya pekee, hustahimili.

Kwa hiyo mwongozo wa zamu uagize kutembea mita mia kadhaa juu na chini ya uzio baada ya kila mvua. Kila jike aliyekufa apasuliwe tumbo: kama mayai yamebaki yote au karibu yote, amekufa kabla ya kutaga, na hilo liandikwe pamoja na mahali na saa. Kisha mkia wake ukatwe, ili zamu inayofuata isimhesabu mara ya pili, na mzoga urudishwe mtoni, kwa kuwa hao ndio mbolea ya kijito na chakula cha wadudu watakaowalisha vifaranga. Ukikuta samaki wengi wamekufa kwa pamoja, wakiwemo trauti, au maji yana harufu ya mafuta, hilo ni jambo jingine: piga simu ya dharura ya jimbo ya kuripoti umwagikaji papo hapo, ambayo namba yake inapaswa kuwa kwenye simu ya kila mwenye zamu, kisha chota maji kwenye chupa safi ya kioo na uandike saa.

Kuuvunja uzio

Koho wa mwisho wakishapita, kwa kawaida kati ya mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari, paneli na sanduku hutolewa. Visiachwe majini hadi majira ya kuchipua, kwa sababu vifaranga wa mwaka jana watakuwa wakishuka baharini, na uzio ulioziba majani ni ukuta kwao. Osha kila paneli hapo hapo mtoni kwa brashi bila sabuni, kausha mabuti na nyavu kikamilifu kabla ya kuvipeleka kwenye kijito kingine ili usihamishe mimea na wadudu wageni, kisha panga paneli kwa namba zake, ya 1 ikiwa juu, zikiwa zimeinuliwa kutoka sakafuni.

Bolti zilizobaki ziwekwe kwenye kopo moja pamoja na spana yake na kile kipande cha mti cha kupimia. Nakala mbili za daftari zitolewe, moja kwa mshauri wa idara ya uvuvi na moja kwa jamii yenye mto, kabla ya mwisho wa Januari. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la asili, andika paneli zipi zilipinda, ni sehemu gani ya kizingiti iliyoanza kuchimbwa, na ukingo upi ulipungua. Hiyo ndiyo orodha ya kwanza ya kazi za kiangazi kijacho, na mtu atakayepitisha mkono chini ya kizingiti mwezi Julai ataanzia hapo.